Macho yana pazia, na waunda programu tunapaswa kulijua

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie vifaa ambavyo kila programu inavitegemea lakini hakuna kozi ya tarakilishi inayovifundisha ipasavyo: macho na masikio ya binadamu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kazi yetu haiishii kwenye tarakilishi. Inaishia katika milango ya fahamu ya mtu. Muunda programu asiyejua milango hiyo ilivyo ni kama fundi anayetengeneza mlango bila kuuliza kimo cha watakaopita.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Haya, fanya jaribio hili sasa hivi. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, vidole gumba vikiwa juu, vimekaribiana. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kodolea gumba la kushoto, usilihamishe jicho kamwe. Sasa sogeza gumba la kulia polepole kuelekea kulia. Likifika umbali wa chini kidogo ya shibiri moja, ncha yake itapotea. Endelea kusogeza, itarudi.

Umeona? Au tuseme, umeona kwamba huoni? Pale neva inapotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo hakuna chembe za kupokea mwanga. Kila jicho zima lina pengo hilo. Ubongo hulijaza kwa kukisia kutokana na kilicho kando yake, nawe umeishi nalo tangu kuzaliwa bila kulalamika.

Sasa sikiliza. Vitu vingi tunavyoviita teknolojia ya kisasa vimejengwa juu ya mapungufu kama hayo.

Angalia rangi ya manjano kwenye kiwambo chako. Pale hapana mwanga wa manjano. Kiwambo cha kawaida kina taa ndogo ndogo za aina tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, jicho lako, ambalo nalo lina aina tatu tu za chembe za kutambua rangi, linashindwa kutofautisha mchanganyiko huo na manjano halisi ya embe lililoiva. Basi mhandisi hakuhitaji kutengeneza rangi zote za dunia. Alihitaji kulitosheleza jicho tu.

Simu nayo? Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya simu ilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400. Sauti ya mwanamume mzima hushuka hadi karibu hezi 100, maana yake sehemu ya chini kabisa ya sauti ya babako haikuwahi kufika sikioni mwako. Lakini ulisikia sauti nzito, ukamtambua. Ubongo uliikokotoa sehemu iliyokosekana kutokana na zilizofika.

MP3 ni hivyo hivyo. Muziki wa CD ni kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili nyingi za MP3 tulizokuwa tukibadilishana miaka ya 2000 zilikuwa na kilobiti 128, yaani takriban sehemu moja ya kumi na moja. Zilizobaki zilienda wapi? Zilitupwa. Karlheinz Brandenburg na wenzake huko Ujerumani walichunguza jinsi sikio linavyofanya kazi: sauti kubwa ikilia, sauti ndogo yenye masafa ya karibu nayo haisikiki. Isiyosikika ya nini kuihifadhi? JPEG, ya mwaka wa 1992, hutumia hila ya jamii hiyo kwa picha. Jicho ni hodari wa kutambua tofauti za mwanga kuliko tofauti za rangi, kwa hiyo sehemu kubwa ya habari za rangi inaweza kupunguzwa nasi tusigutuke.

Tena milango hii haifanyi kazi kila mmoja kivyake. Mwaka wa 1976 Harry McGurk na John MacDonald walichapisha jaribio la ajabu: masikio yanapewa sauti "ba", macho yanaonyeshwa midomo ikitamka "ga", na watu wengi wanasikia "da", ambayo haikutamkwa na yeyote. Na mnakumbuka ile picha ya gauni ya mwaka wa 2015? Wengine waliona buluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu. Picha ni moja, macho ni mazima, na watu wakabishana.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Waliotengeneza viwambo, simu na MP3 waliheshimu milango ya fahamu, wakaisoma kwa miaka. Sisi tunaotengeneza programu za kutumiwa juu ya vifaa hivyo twadhani kila mtu ana macho kama yetu, ameketi kivulini, na ana umri wa miaka 25.

Kuna programu ya malipo, sitaitaja, inayoonyesha malipo yaliyofaulu kwa kidoto cha kijani na yaliyokwama kwa kidoto chekundu. Hakuna neno wala alama nyingine. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi hizo. Miongoni mwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Kwao vidoto vile ni mapacha.

Na asiyeona kabisa? Simu za Android zina TalkBack na iPhone zina VoiceOver, zinazosoma kiwambo kwa sauti. Lakini muunda programu akiacha kitufe bila jina, kinachosomwa ni "kitufe" tu. Kitufe cha nini? Basi mtu mzima mwenye pesa zake analazimika kumpa jirani simu na nambari ya siri amfanyie. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 simu imekuwa pochi ya Mkenya. Kumnyima mtu uwezo wa kuisoma mwenyewe ni kumwambia akabidhi pochi yake kwa wengine. Huo si upungufu wa urembo, ni usalama na heshima ya mtu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia habari kwa njia ifaayo. Haikusema isipokuwa kwenye rununu.

Najua jibu: "Mteja hajaomba, na watu hao ni wachache." Wachache? Mtu akipita miaka 40 maandishi madogo yanaanza kumkimbia. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki na yeyote kwenye jua la saa saba stejini. Ndani ya matatu yenye muziki mkubwa, sote tunahitaji maandishi chini ya video. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi waunda programu ndio tuliofaa kuwajua wadudu kuliko wote.

Dawa yenyewe si ghali. Rangi isibebe ujumbe peke yake, iandamane na neno. Kila kitufe kipewe jina. Tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari ifike angalau 4.5 kwa 1, kama mwongozo wa W3C ulivyosema tangu mwaka wa 2008. Na kitufe kikibonyezwa, kitu kibadilike ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, maana hapo ndipo mtu huhisi kwamba yeye ndiye aliyekifanya. Ukichelewa, atabonyeza mara ya pili, na pesa zitatumwa mara mbili.

Kazi ya nyumbani basi. Washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho, ufungue programu uliyoiunda wewe. Jaribu kumtumia mamako shilingi 50. Pesa zikimfika, hongera. Zisipomfika, unajua pa kuanzia Jumatatu.