Mashariki mwa Kongo: kubadili kadi sim hakuleti rezo kila mara

Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, swali la wakaaji ni moja: ni mtandao gani unaokamata vizuri nyumbani? Vodacom, Airtel, Orange, kila mtu ana jibu lake, na mara nyingi amelipata kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Matokeo yake, wengi wanatembea na kadi sim mbili ao tatu, na jioni bado wanatoka nje ya nyumba ili simu iite.

Zamani hilo lilikuwa sumbuko tu. Tangu Januari 2025 limekuwa jambo la chakula. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa mwezi huo, benki zilifunga milango. Bukavu ilianguka mwezi uliofuata. Mishahara, msaada wa jamaa walioko Kinshasa ao ng'ambo, deni la duka, sehemu kubwa ya pesa hizo ilihamia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mahali pesa inapokaa ndani ya simu, kukosa rezo ni kukosa pesa, kabla hata wakala hajakata komisheni yake.

Wateja hulaumu kampuni, lakini mara nyingi shida iko kwenye mnara. Mawimbi ya simu hayapendi milima, na Bukavu yote ni milima. Nyumba iliyo upande wa pili wa mteremko inaweza kukosa kila kitu, wakati jirani wa mita mia mbili juu yake anaongea bila shida. Bati nalo linazuia mawimbi, na nyumba nyingi zimefunikwa nalo. Kwa hiyo tangazo la redio kwamba mtandao fulani unashika muji wote halimsaidii sana mtu wa bondeni.

Kuna jambo ambalo wengi hawajui: kampuni za simu si lazima ziwe na minara yao zenyewe. Minara mingi ya Kongo ni mali ya kampuni nyingine, Helios Towers, ambayo inakodisha nafasi kwa mitandao tofauti. Mtu anaweza kuacha mtandao mmoja, akanunua kadi ya mwingine, na kumbe antena zote mbili zimefungwa kwenye chuma kimoja, zinakula umeme wa jenereta moja. Mazutu ikiisha, zote zinalala pamoja.

Hapo ndipo mtu anaweza kujua kama kubadili kuna faida. Kadi zote zikikufa saa ileile na kurudi saa ileile, shida labda ni umeme ao mnara, na kadi ya nne itakuwa pesa ya bure. Ikikufa moja tu na nyingine zikiendelea, basi kubadili kuna maana.

Umeme ndio mgonjwa mkubwa. Mbali na miji, mnara unategemea jenereta, na jenereta inategemea barabara ambayo gari la mazutu linaweza kupita. Mei 2025, Vodacom na Orange zilitangaza mpango wa kuunda kampuni ya pamoja itakayojenga hadi minara 2.000 ya nguvu za jua vijijini kwa muda wa miaka 6. Ni mpango mzuri. Lakini fundi hapandi mnara palipo risasi, na mwenye shida leo hawezi kungoja miaka 6.

Jambo lingine linalodanganya ni alama ya 4G juu ya simu. Huduma hiyo ilianza kuuzwa nchini mwaka 2018, na sasa wengi wanachagua mtandao kwa kuangalia intaneti peke yake. Lakini simu nyingi, mtu anapopiga, zinashuka kwanza hadi 3G ao 2G. Menyu ya pesa nayo, *1122# ya M-Pesa, *501# ya Airtel Money ao *144# ya Orange Money, haihitaji intaneti hata kidogo. Video inaweza kucheza vizuri huku pesa ikikataa kutoka. Mwenye duka anayeishi kwa malipo ya simu angejaribu kwanza menyu hiyo, ndani ya chumba, saa mbili ya usiku, wakati kila mtu yuko hewani.

Karibu na mipaka, hali ni ya pekee. Simu ya Goma inaweza kujishika kwenye mtandao wa Rwanda bila mwenyewe kujua, na mayunite yanaliwa kwa bei ya ugenini. Uvira, ni Burundi. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao kwa mkono. Wapo wanaonunua kabisa kadi ya Rwanda. Inafaa kwa intaneti, lakini kumpigia mama aliye Butembo kunakuwa simu ya kimataifa.

Na kuhama si kutupa namba. Namba ndiyo akaunti ya pesa, wateja na jamaa wanaijua. Walio wengi wanabaki na namba ya zamani kwa ajili ya pesa na kutafuta nyingine kwa intaneti. Ni gharama, lakini inaeleweka.

Serikali je? Kuanzia 2020, wateja walikatwa mayunite kwa ajili ya RAM, hadi dola 7 kwa mwaka, mpaka kelele za wananchi zilipoifuta mwaka 2022. Waliolipa hawakuona mnara mpya kwa sababu ya pesa hiyo. Sheria ya Novemba 2020 iliweka pia mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida, na ARPTC ndiyo yenye kazi ya kusimamia mitandao. Lakini tangu mwanzo wa 2025, Goma na Bukavu haziko mikononi mwa Kinshasa, na mteja wa huko hana mlango wa karibu wa kupiga hodi.

Kwa mpangaji anayetafuta nyumba, kipimo kinabaki kuwa majirani. Kabla ya kulipa garanti ya miezi kadhaa, aulize nyumba tatu za kando wanatumia kadi gani, kisha aombe kuingia chumbani jioni na simu yake.