Bangi ya Chumbani Nayo ni Bangi

Upo udanganyifu ambao hauna budi kufichuliwa mapema. Unadai kwamba mche mmoja wa bangi, ukioteshwa ndani ya nyumba, ni sawa na ua la mapambo na haumdhuru mtu. Udanganyifu huu huwa hatari zaidi unapotoka kinywani mwa msomi.

Nzega iko nyuzi nne hivi kusini mwa Ikweta. Usiku wake hukaribia saa 12 za giza mwaka mzima. Giza la urefu huo ndilo ambalo mwotesha bangi wa Ulaya hulitengeneza chumbani kwa taa na mapazia ili mmea wake uanze kuchanua. Basi mmea ambao ungechanua bila gharama chini ya anga la Unyamwezi unafungiwa ndani kwa sababu gani? Si mmea unaohitaji chumba. Ni mwenyewe anayekimbia macho ya watu. Kufuli lake ni ungamo lake.

Na atazamwe mkulima wa tumbaku. Tumbaku nayo ina madhara, hakuna ubishi. Lakini mche wake unapoanza kuchanua, mkulima hukata ua mchana kweupe ili nguvu iende majani, na mzigo wake hupimwa hadharani. Mwotesha bangi hufanya kinyume: hung'oa miche dume na kuilea ya jike, maana ulevi mwingi umo katika maua yake.

Wapo wanaojitetea kwa historia, kwamba wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walivuta bangi. Ni kweli walivuta. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Si kila kilichopita Unyanyembe ni urithi wa kutunzwa.

Wengine hutaja Lesotho, iliyoruhusu kilimo hicho mwaka 2017, na Rwanda mwaka 2021. Nchi hizo ziliruhusu kilimo cha leseni, kwa ajili ya dawa, chini ya ukaguzi. Hazikuruhusu mche wa uvunguni.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haikutenga shamba na chumba. Mwalimu anayemkanya mwanafunzi asubuhi na kumwagilia bangi jioni anafundisha somo moja tu, nalo ni unafiki. Anayetaka sheria ibadilike na aseme mchana, mbele ya wananchi. Nyumba ya mtumishi wa umma isigeuzwe shamba la siri.