Rinchen na hati iliyofutwa kwa amri

Mbele ya Maktaba ya Taifa mjini Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ilisimama kwa miaka mingi sanamu ya Stalin. Mwaka 1990, vuguvugu la mageuzi lilipoifikia nchi hiyo, sanamu iliondolewa. Mahali hapo leo yupo Byambyn Rinchen, mwanaisimu na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1977. Ni nadra mtu wa sarufi kurithi nafasi ya dikteta, na hilo peke yake lingetosha kutufanya sisi tunaofundisha lugha tumwulize yeye ni nani.

Rinchen alisoma Leningrad katika miaka ya 1920, akarudi kwao akiwa amebobea katika lugha na maandiko ya Kimongolia. Mwaka 1937, Mongolia ilipoingia katika msako uliowaua maelfu ya watu, wengi wao watawa wa Kibuddha, naye alikamatwa. Alitoka mwaka 1942. Mtu mwingine angechagua kunyamaza baada ya hapo. Yeye aliandika mswada wa filamu ya Tsogt Taij iliyotoka mwaka 1945, akaandika riwaya, akatafsiri kazi za waandishi wa mataifa mengi, na mwaka 1956 akapata udaktari huko Budapest. Alikusanya maandiko ya waganga wa jadi yakachapishwa Ujerumani, na akaandika sarufi ya lugha ya maandishi ya Kimongolia yenye juzuu kadhaa. Atlasi ya lahaja na makabila ya nchi yake, kazi aliyoisimamia, ilitoka mwaka 1979, yeye akiwa tayari kaburini.

Katika orodha hiyo kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kulitazama. Sarufi ile ilihusu hati ambayo serikali yake ilikwisha kuiacha.

Wamongolia walichukua hati yao kutoka kwa Wauighuri zama za Chinggis Khaan, mwanzoni mwa karne ya 13. Huandikwa kwa mistari inayoshuka kutoka juu kwenda chini. Mapema mwaka 1941 serikali ilipitisha herufi za Kilatini. Kabla ya nusu mwaka kupita ikazitupa na kuamua kuchukua herufi za Kisiriliki, zile wanazotumia Warusi. Kufikia mwaka 1946 ndizo zilizokuwa rasmi. Msomaji atazame tena tarehe hizo. Uamuzi mkubwa kuliko wote juu ya maandishi ya Kimongolia ulifanywa wakati mmoja wa watu walioijua vizuri zaidi lugha hiyo yumo gerezani. Alipotoka, alikuta mjadala umefungwa. Aliendelea kuitetea hati ya kale hata hivyo, na kwa ajili ya misimamo kama hiyo alishutumiwa kuwa mzalendo wa kupindukia, tuhuma nzito katika dola iliyoiegemea Moscow.

Wako watakaosema kwamba huo ni ukaidi wa mtu wa kale. Hoja yao nguvu inayo. Tahajia ya hati ile hufuata matamshi ya karne nyingi zilizopita, hivyo mtoto hujifunza kuandika maneno jinsi yasivyotamkwa; na ni kwa herufi mpya kwamba taifa zima lilifundishwa kusoma. Lakini tahajia hiyohiyo ngumu ilikuwa na faida yake: haikuwa mali ya lahaja moja. Mmongolia wa ndani ya China na yule wa Ulaanbaatar waliweza kusoma ukurasa mmoja, kila mmoja akautamka kwa namna ya kwao. Herufi mpya ziliandika matamshi ya Wakhalkha, na daraja hilo likakatika.

Wala hakuwa adui wa vitu vya kigeni. Mtu aliyetafsiri kiasi kile hawezi kuwa hivyo. Wamongolia wenyewe wana ushahidi mwingine kwamba kupokea si kupotea, nao ni sataranji. Wao huuita mchezo huo shatar, na neno hilo ni ndugu wa sataranji yetu: yote mawili yanarudi kwenye shatranj ya Waajemi, nayo kwenye chaturanga ya Wahindi. Mahali ambapo Wahindi waliweka tembo, Wamongolia waliweka ngamia. Kete ndogo wanaziita watoto. Katika shatar ya jadi farasi haruhusiwi kutoa pigo la mwisho kwa mfalme, kanuni ambayo sijaisikia kwingine na ambayo naipenda bila kujua sababu yake. Baadaye walijifunza pia kanuni za kimataifa. Mwaka 1967, katika mashindano ya Sousse, Tunisia, Lhamsürengiin Myagmarsüren aliketi mbele ya Bobby Fischer. Alishindwa, lakini mchezo ule bado unafundishwa vitabuni. Kanuni mpya hazikumwibia mtu yeyote ngamia wake. Hati iliyoondolewa kwa amri, kwa upande mwingine, ilimfanya mjukuu ashindwe kusoma barua ya babu yake.

Hapa ndipo Rinchen anapotugusa. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake ni wa mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo. Vivyo hivyo barua na mikataba isiyohesabika ya pwani. Wamisionari na serikali za kikoloni walileta herufi za Kilatini, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha Kiswahili kwa herufi hizo. Sidai turudi nyuma. Irabu tano za Kiswahili hukaa vizuri zaidi katika herufi za Kilatini, na ndizo ninazoandikia makala hii. Ninachokilalamikia ni kwamba mwanafunzi wangu anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili, tena kwa alama za juu, bila kuweza kusoma mstari mmoja wa mswada wa asili wa utendi anaouchambua. Anamtegemea mtu mwingine aliyemnukulia, mara nyingi mtaalamu wa Ulaya. Tunalalamika kwamba maarifa yetu yamo London na Hamburg. Ni kweli miswada mingi imo huko. Lakini hata ile iliyobaki Dar es Salaam na Zanzibar, ni wangapi kati yetu wangeifungua na kuisoma?

Sheria ya lugha ya Mongolia ya mwaka 2015 iliagiza kwamba kuanzia mwaka 2025 nyaraka za serikali ziandikwe kwa hati zote mbili. Utekelezaji wake si mwepesi, kwa kuwa watumishi wengi wa umma walikulia katika herufi za Kisiriliki peke yake. Hata hivyo wana mahali pa kuanzia, kwa sababu yupo mtu aliyeandika sarufi wakati hakuna aliyeitaka.

Kwa upande wetu naomba jambo dogo kuliko hilo. Kila idara ya Kiswahili katika vyuo vyetu vikuu iweke somo moja la lazima, la muhula mmoja tu, la kusoma miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Walimu wapo Lamu, Mombasa na Unguja, wengine wao madrasani. Waajiriwe wao kwanza, kabla hatujaandika barua ya kuomba mfadhili.