Ukimwachia Nyanya Mtoto, Mwachie na Karatasi

Nimeshika kalamu niseme jambo tunaloliona kila siku katika mitaa yetu ya Eastlands: wazazi kusafiri na kumwachia nyanya mtoto.

Zamani, Makongeni ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli. Baba alikaa mjini kwa chumba kimoja, mtoto akalelewa na nyanya mashambani, palipo na maziwa, mboga na shangazi wa kusaidia. Siku hizi nyanya mwenyewe amezeekea Kaloleni au Jericho. Mama anakwenda Saudia au Qatar kufanya kazi za nyumbani, na nyanya anabaki na mjukuu mahali ambapo hata sukuma wiki ni ya kununua.

Sisemi wazazi wasiende. Karo haingoji, tena nani atampenda mtoto kama nyanyake? Ninalosema ni kwamba mpango ufanywe mapema, sio siku ya kupanda ndege. Jirani yetu mmoja aliachiwa mjukuu wa miezi 8 na mkoba wa nguo tu. Kijitabu cha kliniki kilisafiri ndani ya sanduku la mama! Mtoto hudungwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Je, nyanya angejuaje ni chanjo zipi alikwisha pata?

Kwa maoni yangu, mambo ni matatu. Kwanza, karatasi: kijitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa, na barua iliyotiwa sahihi ikisema nyanya ndiye mlezi, na nani apigiwe simu mtoto akilazwa. Pili, pesa: ni ngapi, na zitatumwa tarehe gani. Kuna wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopata shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Hizo ni za mzee jameni, si za maziwa ya mtoto. Tatu, baba. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema mama na baba wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Safari ya mama si likizo ya baba.

Wengine watauliza, "Ati niandikiane na mamangu mzazi? Kwani simwamini?" Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sembuse mtoto! Karatasi haivunji upendo, inazuia lawama.

Wenzangu, baadhi yetu tunaosoma ukurasa huu tunalelewa na nyanya. Tuwachotee maji, tuwaoshee vyombo, na leo jioni tuwaulize cheti kiko wapi. Kama hakipo, tuwapigie wazazi simu bila kuona haya. Je, wewe mwenzangu waonaje?