UKURASA WA BWANA SHAMBA: MZEE ANAYESAHAU, NYUMBA IMLINDE

Mwezi huu hatutazungumza juu ya palizi wala juu ya ghala. Tutazungumza juu ya mzee anayesahau. Huenda ni baba yako, bibi yako au mama mkwe wako.

Utauliza, "Bwana shamba, habari za wagonjwa zinakuhusu nini?" Zinanihusu. Sumu nyingi zilizomo nyumbani kwetu zimetoka shambani. Panga, shoka na kisima ni vitu vya mkulima. Mtu mzima anajua kujihadhari navyo. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hajui tena.

HUU NI UGONJWA

Kila mtu husahau. Unaweka jembe mahali, kisha unalitafuta. Huo si ugonjwa. Lakini yuko mzee anayelishika jembe na hajui ni la kazi gani. Amekula sasa hivi, naye anasema hajala tangu jana. Anauliza jambo moja mara kumi. Anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Anapotea katika njia aliyoipita miaka 40.

Mzee huyo anaumwa ubongo. Madaktari huuita ugonjwa huo demensia. Uko wa namna nyingi. Ulio wa kawaida zaidi unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Namna nyingine huletwa na kiharusi, au na mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibika.

Wako watu wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Miaka ya 2009 na 2010 watafiti walipima wazee katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kati ya kila wazee 100 wenye miaka 70 au zaidi, kama 6 walikuwa na ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao. Wengi wao wanaishi katika nchi zisizo tajiri, kama yetu.

Basi tukumbuke: ugonjwa huu si uchawi. Si laana. Hauambukizi. Wala mzee hafanyi makusudi.

KWANZA, NENDENI HOSPITALI

Si kila mzee anayechanganyikiwa ana demensia. Malaria huweza kumchanganya mzee. Ugonjwa wa njia ya mkojo, kisukari, ukosefu wa maji mwilini, pombe na huzuni kubwa pia huweza. Mengi ya haya yanatibika. Kama jana alikuwa mzima na leo anaweweseka, mpelekeni siku hiyo hiyo. Msingoje.

Kama kusahau kumekuja polepole, kwa miezi au miaka, mpelekeni pia. Chukueni dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, mkamwonyeshe mganga wa zahanati.

Demensia haina dawa ya kuiponya kabisa. Mtu akija kwenu na kudai mbuzi ili amrudishie mzee akili, mkatalieni. Mbuzi huyo auzwe, mzee anunuliwe blanketi na maziwa.

MZEE HATABADILIKA, BADILISHENI NYUMBA

Hili ndilo jambo kubwa la leo. Watu wengi humwambia mzee, "Usiguse moto! Usiende kisimani!" Baada ya dakika tano amesahau. Wanamkemea tena. Mwisho wanamfokea, naye analia kama mtoto. Maneno yale hayakumlinda.

Mzee hawezi tena kujifunza kujilinda. Kwa hiyo nyumba imlinde. Zungukeni nyumba yote na mtazame vitu hivi.

1. Sumu. Anzeni hapa. Dawa ya kuulia wadudu, dawa ya ghalani, dawa ya kuogeshea mifugo na sumu ya panya ziwekwe katika sanduku lenye kufuli. Funguo akae nao mtu mmoja. Msitie dawa ya shamba wala mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji. Mzee akiona chupa ya soda, atakunywa soda.

Tazameni na mbolea. Urea ni chenga nyeupe. Mzee anaweza kudhani ni sukari au chumvi. Mbegu za dukani nazo zimepakwa dawa, na nyingi zina rangi. Mzee anaweza kuzipika kama mahindi ya chakula. Mbolea na mbegu zisikae jikoni hata siku moja.

Kama amekunywa sumu, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, na mchukue ile chupa au karatasi yake ili mganga ajue ni sumu gani.

2. Moto. Mzee asiachwe peke yake moto unapowaka. Mkimaliza kupika, zimeni vijinga na mfiche kiberiti. Usiku msimwachie kibatari. Kibatari, chandarua na mkono unaotetemeka havikai pamoja. Taa ndogo ya jua au tochi ni salama zaidi. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana.

3. Maji. Kisima kiwe na mfuniko mzito. Kama karibu kuna lambo au mto, zibeni njia ya huko kwa boma la miti. Ukuta hauhitajiki. Njia ikizibwa, mara nyingi mzee hugeuka.

4. Vifaa vyenye makali. Panga, shoka na mundu vifungiwe. Lakini mzee aliyelima maisha yake yote akikosa jembe mkononi, hana raha. Mwachieni jembe dogo, apalilie bustani, na mtu awe karibu naye.

5. Choo. Wazee wengi huanguka usiku wakienda chooni. Ondoeni mawe na magogo njiani. Pangeni mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia, yaonekane gizani. Chimbieni nguzo imara ndani ya choo ili ashike anapochuchumaa. Mlango usiwe na komeo la ndani. Usiku awe na ndoo karibu na kitanda.

6. Dawa za hospitali. Mzee asijigawie dawa mwenyewe. Atameza mara mbili, au hatameza kabisa. Mtu mmoja azitunze na kumpa kwa saa zake.

7. Karatasi na fedha. Mzee asiyejua leo ni siku gani anaweza kutia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba. Wako watu wabaya wanaolijua hilo. Hati za ardhi zitunzwe na mtu anayeaminiwa na wote. Jambo lolote la shamba lizungumzwe mbele ya ukoo na viongozi wa kijiji.

Lakini kuna jambo moja msilifanye. Msimfunge mzee kamba. Msimfungie ndani mkaenda shambani. Nyumba ikishika moto, hatatoka.

AKIPOTEA

Ugonjwa huu hufuta mambo ya jana, lakini mambo ya zamani hubaki muda mrefu. Mzee anaweza kusema, "Nataka kwenda kwetu," naye yuko kwake. Msimcheke. Anakumbuka kwao kwa zamani.

Wazee wengi wa nchi hii walihama wakati wa Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amepita miaka 70. Nyumba anayoiona akilini ni ile ya mahame, penye mwembe wa baba yake. Anaondoka kwenda huko.

Kwa hiyo mzee akipotea, msitafute ovyo. Tafuteni haraka, na mgawane njia. Mmoja aende kwenye mahame. Mwingine aende kwenye shamba la zamani. Wengine waende mtoni, kisimani na njia ya gulioni. Tazameni pia vichakani karibu na nyumba, maana mara nyingi hafiki mbali. Msingoje kesho. Usiku mmoja wa baridi au siku moja bila maji huweza kumwua.

Mshonee jina lake na la kijiji ndani ya nguo, na namba ya simu ya nyumbani. Tundikeni kengele ya mbuzi mlangoni. Akifungua mlango usiku, mtasikia.

MSIMFICHE

Sasa tufike kwenye hatari kubwa kuliko zote.

Mzee huyu huamka usiku wa manane. Anadhani kumekucha. Anatoka, pengine bila nguo, na anaingia katika ua wa jirani. Wewe unajua kwamba ametafuta choo akapotea. Jirani hajui. Jirani atapiga yowe kwamba amekamata mchawi.

Katika mikoa ya kanda ya ziwa wazee wengi, hasa akina mama, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kwa kuwapikia watoto na wajukuu miaka mingi.

Familia nyingine huona aibu. Humficha mzee ili watu wasijue. Ukimficha, unamtia hatarini. Fanya kinyume chake. Nenda kwa majirani mapema, mchana, na useme wazi: "Mama yetu ana ugonjwa wa kusahau. Hospitali wamethibitisha. Mkimwona usiku, mshikeni mkono mtuletee." Mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Mwambie mtendaji wa kijiji. Kama kijiji chenu kina sungusungu, waambie nao. Waambie shehe au mchungaji, na mwalimu awaambie watoto wasimzomee.

Jirani anayejua habari ni ukuta wa pili wa nyumba yako.

NAMNA YA KUZUNGUMZA NAYE

Mzee bado ni mzee. Mpe heshima yake. Msimamie mbele, si nyuma, umwamkie na umwambie wewe ni nani: "Shikamoo babu. Mimi mjukuu wako, mtoto wa binti yako mkubwa." Usimwulize, "Unanijua mimi?" Swali hilo humtia aibu.

Akisema, "Umeniibia fedha zangu," usigombane naye. Mwambie, "Pole mama, hebu tuzitafute pamoja." Bibi akiuliza mumewe yuko wapi, naye amekufa zamani, usimpe habari ya msiba kila siku. Mwambie, "Hebu nihadithie habari zake, bibi." Atakuhadithia, na moyo utatulia.

Mpeni kazi anayoiweza: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kurushia kuku punje, kusuka kamba. Hata akichambua vibaya, mshukuruni. Mtachambua tena akilala. Siku zake ziwe na utaratibu mmoja: aamke, aoge, ale na alale kwa saa zile zile. Chakula kiwe laini, na ale akiwa ameketi.

MTUNZAJI NAYE NI MTU

Mara nyingi kazi hii yote huangukia mwanamke mmoja, mke wa mwana au binti aliyebaki nyumbani. Anaamka mara tatu usiku. Asubuhi anatukanwa na mzee yule yule aliyemwogesha. Kisha shemeji anakuja kutoka mjini, anakaa saa moja, na anasema, "Mbona mama amekonda hivi?"

Hii si haki. Itisheni kikao cha ukoo. Pangeni zamu, kama mnavyopanga zamu za maji ya mfereji. Huyu akae na mzee Jumatatu na Jumanne, yule Jumatano na Alhamisi. Aliye mjini, ambaye hawezi kushika zamu, alete fedha za sabuni, za maziwa na za nauli ya hospitali, na alete kila mwezi bila kukumbushwa. Mtunzaji apate siku ya kwenda shambani kwake, gulioni na kwenye ibada. Mtunzaji akichoka mno, hukasirika. Akikasirika, mzee hupigwa. Zamu ndiyo dawa ya jambo hilo.

Ndugu msomaji, anza leo na sumu. Kabla jua halijazama, zunguka nyumba yako na ukusanye kila chupa ya dawa ya shamba. Tafuta sanduku na kufuli. Hata kama hakuna mzee anayesahau nyumbani kwako, watoto wapo. Kesho nenda kwa jirani mwenye mgonjwa wa namna hii, umpokee zamu ya mchana mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kusahau kwa kawaida na ugonjwa wa kusahau vinatofautianaje?
2. Nyumbani kwako dawa za shamba na mbolea zinakaa wapi? Ni nani anayeweza kuzifikia?
3. Mzee wa kijijini kwetu akipotea usiku, tutaanza kumtafuta wapi? Ni nani atakayetangaza?
4. Katika kitongoji chetu, ni nani anayemtunza mzee peke yake? Tutamsaidiaje?