Shamba la Jamaa: Fumbwa Kando ya Nyumba

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mihogo, maharage na kuku. Leo tutasema juu ya mboga ambayo wengi huila na wachache mno huipanda. Mboga hiyo ni fumbwa. Kutoka Kongo-Central hata Équateur, na katika misitu ya upande wa Kisangani, nani asiyejua harufu ya sufuria ya fumbwa, majani yamekatwa membamba kama nyuzi, yamepikwa kwa karanga za kusaga, mafuta ya mawese na samaki mkavu?

Watu husema kwamba fumbwa ni mali ya msitu, Mungu ameipanda mwenyewe, nasi kazi yetu ni kuchuma. Neno hilo lilikuwa na ukweli wake siku zile ambapo kila jamaa ilichuma kiasi cha sufuria moja. Siku hizi majani hayo husafiri kwa mitumbwi, mashua na magari hata Kinshasa, huuzwa huko kila siku sokoni, na mengine huvuka bahari, kwani Wakongo waishio Brussels na Paris nao hawakuisahau mboga ya kwao. Mchumaji anayelipwa kwa mzigo hana subira. Huivuta kamba yote kwa nguvu mpaka mizizi yang'oka; au, ikiwa kamba imepanda juu sana, huukata mti mzima ulioishika, ili apate majani ya siku moja. Siku hiyo mzigo wake ni mkubwa. Mwaka unaofuata mama na binti zake hupita mahali pale pale, hawaoni kitu, nao hulazimika kuingia mbali zaidi msituni. Saa hizo zote za njiani hutolewa katika masomo ya binti na katika mapumziko ya mama, na jioni watoto hungoja chakula.

Majirani zetu wa Kameruni, ambao huiita mboga hiyo eru, waliyaona mambo hayo mapema. Majani yao yalinunuliwa sana na watu wa Nigeria, hata kamba zikawa haba karibu na vijiji. Ndipo, katika miaka ya 1990, wataalamu wa bustani ya mimea ya Limbe walipoanza kujifunza namna ya kuipanda fumbwa, wakawafundisha wakulima. Mengi tutakayoeleza hapa yametoka katika kazi ya namna hiyo, nayo hayahitaji mashine wala umeme.

Kwanza inafaa kuujua mmea wenyewe. Wataalamu huuita Gnetum africanum. Ni kamba isiyopukutisha majani yake yote kwa wakati mmoja, hupenda kivuli, na huishi miaka mingi. Chini ya udongo ina mizizi minene yenye akiba ya chakula, na kwa nguvu ya mizizi hiyo huweza kuchipuka tena baada ya kukatwa. Ninyi wanafunzi, angalieni jambo moja la ajabu: ukilitazama jani lake, lina mishipa kama jani la mti wa matunda, na mbegu yake iliyoiva ni nyekundu, utadhani ni tunda. Walakini fumbwa haina ua la kweli wala tunda la kweli. Katika ukoo wa mimea iko upande wa misonobari. Tena kuna kamba dume na kamba jike, na mbegu huonekana kwenye jike tu. Kwa sufuria haidhuru, majani ya zote mbili huliwa.

Je, tupande mbegu? Hatuwashauri. Mbegu ya fumbwa ina ganda gumu, huweza kukaa mwaka mzima kabla ya kuota, na tena ni vigumu kuipata kwa sababu huzaliwa juu kabisa kwenye matawi ya miti. Wala tusiende kung'oa kamba za msituni na kuzileta nyumbani, maana kuhamisha si kuzidisha: kamba moja iliyohamishwa ni moja tu, na msitu umepungukiwa. Njia njema ni ile tunayoitumia kwa mihogo, yaani kupanda vipande vya shina. Tofauti yake ni hii, kwamba kipande cha muhogo huvumilia jua na ukavu, lakini kipande cha fumbwa hufa upesi kikikosa unyevu.

Basi kabla ya kwenda kukata vipande, tutengeneze sanduku la kuoteshea. Baba wa nyumba au kijana aliyejifunza useremala atalimaliza kwa siku moja. Sanduku la mbao, upana wa mikono miwili, litandikwe ndani karatasi ya plastiki isiyotoboka. Chini kabisa tia mawe, juu yake kokoto, kisha mchanga wa mto uliooshwa, au unga wa mbao uliokwisha kuoza vizuri. Unga mbichi haufai. Mimina maji mpaka yafike kwenye kokoto, yasiuloweshe mchanga hata ukawa matope, kwa maana shina likikaa majini huoza. Juu ya sanduku weka kifuniko chenye plastiki nyeupe ipitishayo mwanga. Maji ya chini hupanda polepole kama mvuke, hewa ya ndani hukaa na unyevu, na jani halinyauki. Sanduku liwekwe chini ya mti au kibanda cha makuti, kamwe lisikae juani, la sivyo vipande vitapikwa kabla ya wakati wao.

Vipande vikatwe asubuhi mapema, kutoka kamba yenye afya. Ncha laini ya kamba isitumike, wala shina kuukuu lililokuwa gumu kama ukuni. Chagua sehemu ya katikati. Ifunge katika jani bichi la ndizi lililoloweshwa maji, ukaipande siku ile ile. Kila kipande kiwe na fundo moja na jani lake, nacho kikatwe kwa wembe mkali au kisu safi, maana kisu butu huponda shina na kulikaribisha ukungu. Sasa lifanyike jambo linalowashangaza wengi: kata nusu ya jani na kuitupa. Jani zima hupoteza maji mengi kuliko shina lisilo na mizizi liwezavyo kuvuta. Lisipobaki jani lolote, kipande hukosa chakula. Nusu yatosha.

Chomeka vipande mchangani, ufunike, kisha usivivute kila siku kutazama kama vina mizizi. Twajua watoto watashawishika, na hata baadhi ya wazee. Ukifungua kifuniko, nyunyizia majani maji kidogo, ondoa yaliyooza, ukafunike tena. Baada ya majuma sita hivi vingi huwa vimetoa mizizi, vingine huchelewa. Vipande vingine vitakufa. Panda zaidi ya unavyohitaji. Vile vilivyo na mizizi hamishia katika vifuko vya udongo mweusi wa msituni uliochanganywa na mchanga, ukavizoeshe hewa ya nje kidogo kidogo, daima kivulini.

Mvua kubwa zikianza, vipeleke shambani. Wenye kahawa, kakao au michikichi wana mahali tayari, kwa kuwa kivuli chake chafaa, na jamaa isiyo na shamba kubwa yaweza kupanda kamba kumi chini ya miti ya uani. Kati ya mche na mche iwepo nafasi ya sentimeta 50 hadi mita 1, na kila mmoja uwe na mti au fito ya kupandia. Samadi ya kuku iliyooza huusaidia sana. Kuku wenyewe wazuiwe, kwa maana hufukua udongo, na mbuzi watamaliza kazi yote katika asubuhi moja.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba fumbwa itamtajirisha. Mwanzo wake ni wa polepole, na kwa kawaida utangoja karibu mwaka mmoja kabla ya kuchuma kwa furaha. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliikumbusha dunia kwamba uumbaji ni nyumba yetu sote. Nasi twaona kwamba mahali pa kuanzia kuitunza ni pale mama anapopata mboga yake.

Siku ya kuchuma ikifika, mizizi isivutwe. Kata kwa kisu, ukiacha shina lenye majani machache, kiasi cha sentimeta 30 juu ya ardhi. Machipukizi mapya yatatoka kwenye mafundo chini ya pale ulipokata. Na sehemu ya katikati ya kamba iliyokatwa, ile isiyo laini wala ngumu, isitupwe pamoja na takataka za jikoni: hiyo ndiyo itakayoingia sandukuni kesho yake kwa ajili ya jirani.