Mcheza Kwao Hutunzwa: Nani Ataitunza Kilwa Jazz?

Imekuwa desturi ya baadhi ya wasomi nchini, wimbo wa dansi unapotajwa, kuuliza kwanza umeshika nafasi ya ngapi na umetazamwa na watu milioni ngapi. Wakikosa jibu huona hakuna la kuzungumza. Wapo na wengine, waliojipa cheo cha ulinzi wa maadili, ambao hawahitaji hata takwimu. Kwao dansi yote ni uhuni, haistahili wino wa mwalimu wala kabati la ofisi. Makundi haya mawili hudhani kwamba yanapingana. Kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote yamekataa kazi ya kuusikiliza wimbo wenyewe.

Mfano ulio wazi ni Kilwa Jazz Band. Bendi hii, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuongozwa na Ahmed Kipande, ililichukua jina la mji wa kale wa pwani ya kusini na kulipandisha jukwaani Dar es Salaam. Wimbo wake uitwao "Napenda Nipate Lau Nafasi" unapendwa mpaka leo na watu ambao wazazi wao walikuwa watoto ulipopigwa mara ya kwanza. Je, ulishika nafasi ya ngapi? Swali hilo halina maana. Sahani za santuri zilitengenezwa Nairobi, na mahakama ya muziki ilikuwa ukumbi wa dansi na redio. Wimbo mbaya uliwarudisha watu vitini. Wimbo mzuri uliwainua, na kesho yake uliimbwa sokoni na watu wasiokuwa na hata gramafoni.

Wananchi wa Kilwa na Lindi walikuwa majaji katika mahakama hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalingoja kivuko cha Mto Rufiji, na masika ilipochacha barabara ya kusini ilikatika. Lakini mawimbi ya redio hayakungoja kivuko. Sauti za magitaa, tumba na saksafoni zilifika Kivinje na Lindi pale ambapo magunia ya unga yalishindwa kufika. Hukumu ya wasikilizaji hao ndiyo iliyoziweka nyimbo hai kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa na itazamwe mizani inayoabudiwa. Mwaka 1958 gazeti la Billboard la Marekani lilianzisha orodha yake iitwayo Hot 100, na wimbo wa kwanza kukaa kileleni ulikuwa "Poor Little Fool" wa Ricky Nelson. Ni wangapi wanaoukumbuka leo? Muda mfupi baadaye Bunge la nchi hiyo likachunguza jinsi watangazaji wa redio walivyokuwa wakipokea fedha za siri ili wazipige sahani fulani mfululizo. Na mwishoni mwa mwaka 2012 YouTube ililazimika kuwafuta watazamaji wa bandia wanaohesabiwa kwa mamilioni mengi, na kampuni kubwa za muziki zilikuwa miongoni mwa zilizopunguziwa hesabu. Mizani inayoweza kuhongwa haifai kuwa kipimo cha utamaduni wa taifa. Wahenga walikwisha kusema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wale wa kundi la pili nao hawana la kujivunia. Ngoma ya beni ilipoenea katika miji ya pwani, Lindi ikiwamo, watawala wa kikoloni waliitilia shaka, na baadhi ya wasomi wa Kiafrika wakaikejeli katika gazeti la Mambo Leo. Mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger alichapisha kitabu kizima kuhusu ngoma hiyohiyo, na leo hakuna anayeweza kuieleza vizuri historia ya miji ya pwani bila kuitaja. Kilichoitwa upuuzi kimekuwa ushahidi.

Hii haina maana kwamba kila wimbo ni mzuri. Zipo nyimbo zenye matusi, na zipo zilizo tupu kama debe. Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz mwaka 2018, na lina mamlaka ya kisheria kufanya hivyo. Lakini kufungia ni kazi ya sheria. Kuhakiki ni kazi ya elimu. Taifa lenye wafungiaji bila wahakiki litajua nyimbo gani ni mbaya, wala halitajua kwa nini nyingine ni nzuri.

Hasara yake ni kubwa kuliko maneno. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yalipotishwa na mawimbi na magugu yaliwekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, yakashughulikiwa, na mwaka 2014 yakatolewa. Mawe yalipona kwa sababu yalikuwa yameandikwa, yamepimwa na kutajwa. Nani amewaandika wapiga magitaa? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini haki haidaiwi kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Kila mzee anayezikwa na majina ya wenzake kichwani, anazikwa pamoja na urithi wa watoto wao.

Basi kazi ni ya maofisa utamaduni na walimu, na haihitaji fedha za kigeni. Wanafunzi wa sekondari za Kilwa na Lindi watumwe kwa wazee na madaftari: waandike jina la wimbo, mtunzi, mpiga solo, mpiga besi, mwaka na ukumbi. Ofisi za wilaya zitunze madaftari hayo kama zinavyotunza hati za viwanja. TBC, mrithi wa Radio Tanzania, ipelekewe majina hayo ili yalinganishwe na kanda zake za zamani. Walimu wa Kiswahili wayahakiki mashairi ya dansi darasani, wakisifu panapostahili sifa na kukosoa panapostahili kukosolewa.

Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya mkoloni, wala haikuomba mji mwingine uipimie thamani. Ni aibu kwa wajukuu wake kungoja orodha ya New York iwaambie kama babu zao walijua kupiga gitaa.